Cheti chetu cha ndoa hakikuwa na namba

SEHEMU YA 1



Leo siongelei homa wala chanjo. Wengi mmeniuliza baba watoto alipataje uchungaji, na wengine mmeuliza swali ambalo hata mimi zamani ningelijibu vibaya: "Nesi, mchungaji akishawekewa mikono si anaweza kufungisha ndoa siku hiyohiyo?"

Hapana jamani. Hawezi. Nitawasimulia kwa vipande maana nipo zamu ya usiku wiki hii, nikipata nafasi naandika.

Baba watoto aliwekwa wakfu Jumapili moja ya Agosti 2023. Mvua hakuna, vumbi tu, watu wamejaa mpaka nje chini ya turubai. Maaskofu na wachungaji wakamzunguka, wakamwekea mikono, mimi nimepiga magoti pembeni yake na kitenge changu kipya. Mama mkwe alilia mpaka akakaa chini. Tukala wali na nyama ya ng'ombe aliyetolewa na wazee wa kanisa, tukalala hoi.

Jumatatu saa moja asubuhi, hodi. Vijana wawili wa kwaya yetu, wamevaa vizuri, wanacheka. "Shikamoo mama mchungaji." Nikasikia hilo jina geni masikioni. Walitaka mume wangu awafungishe ndoa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ukumbi wameshalipia, keki imeshaagizwa Mwanza, wao wangekuwa wa kwanza.

Baba watoto akawakaribisha chai na michembe, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, mimi ni mchungaji wenu tangu jana. Kuhubiri nitahubiri, kuwaombea nitawaombea. Lakini kufungisha ndoa bado. Leseni yangu haijatoka."

Yule binti uso ukamshuka. Kijana akauliza, "Kwani jana mlifanya nini?"

Swali zuri. Mchana habari ilishafika mpaka sokoni Somanda: mchungaji mpya hajakamilika. Kuna mama alinifuata kliniki na mtoto wake mgongoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna dhambi iliyogundulika.

Dhambi haikuwepo. Ila kuna kitu kilitupata miezi minane kabla ya siku ile, ndiyo maana mume wangu alikuwa mgumu kiasi kile. Hicho ndicho nataka mama zangu mkisikie.

SEHEMU YA 2

Turudi nyuma. Sisi tulifunga ndoa Desemba 2013. Simiyu ilikuwa mkoa mpya, imemegwa mwaka 2012, na Bariadi yetu ndiyo kwanza inaanza kuchangamka. Mimi nilikuwa nesi kijana kwenye zahanati ya binafsi, yeye fundi seremala na mwinjilisti. Ndoa ilifungwa kwenye kakanisa ka mabati pembeni ya mji na mhubiri mmoja ambaye baadaye alihamia mkoa mwingine. Tulipendeza. Tukapewa cheti kizuri sana, kina njiwa wawili na maua ya dhahabu pembeni. Tukakiwekea fremu, tukakitundika sebuleni juu ya redio.

Miaka ikaenda. Watoto watatu. Mume wangu akaitwa kwenye huduma, akaenda chuo cha Biblia miaka miwili, anarudi likizo tu. Mimi nashika zamu za usiku na mchana, nalipa ada, nanyonyesha. Aliporudi akawa mchungaji msaidizi miaka minne kabla kanisa halijakubali kumweka wakfu. Mnaodhani uchungaji unapatikana kwa kununua suti, poleni.

Desemba 2022 ofisi ya Baba Askofu ikamwandikia alete nyaraka: cheti cha chuo, barua ya wazee wa kanisa, picha, na cheti cha ndoa. Ibada ilipangwa Januari. Tukatoa cheti kwenye fremu, nikapangusa vumbi, nikakipeleka mwenyewe.

Katibu wa ofisi, mama mtu mzima mwenye miwani, akakishika, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Akasema taratibu, "Mwanangu, kimeandikwa vizuri. Lakini namba iko wapi?"

"Namba gani mama?"

Akafungua droo, akanionyesha cheti cha ndoa cha serikali. Kina namba. Kina nembo ya Taifa. Mfungishaji ameandika jina na kusaini. Changu kilikuwa na njiwa.

Walipofuatilia, wakakuta yule mhubiri hakuwahi kuwa na leseni ya kufungisha ndoa. Karatasi ile ilichapwa stationari.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, bodaboda wananiita sisikii. Miaka tisa naitwa mke wa fulani. Usiku ule nililala pembeni ya mwanaume ambaye sikujua tena nimwite nani.

SEHEMU YA 3

Hapa nitasema ukweli unaoniaibisha.

Siku mbili baadaye alikuja mtu tunayemheshimu, mtumishi mwenye leseni halali. Akatuambia tusihangaike, ibada iko karibu, wageni wameshaalikwa. Yeye ana kitabu cha vyeti. Ataandika kimoja, ataweka tarehe ya 2013, tusaini, tumalize. "Ndoa yenu Mungu anaijua," alisema. "Karatasi ni karatasi tu."

Mimi nilikubali moyoni kabla hajamaliza. Niliona aibu ya kuahirisha. Nilimuona mama mkwe ameshanunua kitambaa. Nilikumbuka ada nilizolipa kwa zamu za usiku.

Baba watoto alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi, siyo yule mgeni: "Mama watoto, wewe kule leba, patografu ukiijaza mtoto akishazaliwa inakuwaje?"

Kwa msioijua, patografu ni ile karatasi tunayojaza mama akiwa na uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto, njia imefunguka kiasi gani, presha ya mama. Unajaza kila unapopima, kwa saa yake. Ndiyo inayokwambia mapema kwamba hapa kuna hatari, mpeleke mama hospitali kubwa. Mtu akikaa akaijaza yote baadaye, kwa mwandiko safi na mistari imenyooka, haikumsaidia yule mama hata kidogo. Nimewahi kugombana na mwanafunzi wangu kwa jambo hilo mpaka akalia. Mume wangu alikuwepo siku niliporudi nyumbani nimefura kwa hasira, na hakusahau.

Sikuwa na jibu. Nikaenda jikoni.

Yule mgeni akaondoka amekasirika. Kesho yake mume wangu akaandika barua mwenyewe kwa Baba Askofu kuomba ibada iahirishwe mpaka ndoa yetu ikae sawa. Hakuahidiwa kwamba nafasi itamsubiri. Kwa wiki tatu sikuongea naye vizuri. Nilimpa chakula, nikampa salamu, basi. Nilimwona mtu anayependa usafi wake kuliko jasho langu.

SEHEMU YA 4

Tulikwenda ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, kwa DAS kama tunavyosema, maana ndiko usajili wa ndoa unakofanyika ngazi ya wilaya. Juu yake kuna RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mimi RITA nilikuwa naijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu. Kumbe na ndoa ni zao.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mdogo kuliko sisi. Nilishajiandaa kutukanwa. Akasikiliza, akauliza swali moja: "Siku ile mnafunga ndoa, mlijua kwamba yule mhubiri hana leseni?"

Tukasema hatukujua, wote wawili.

"Basi tulieni," akasema.

Akatueleza Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwamba kufungisha ndoa bila mamlaka ni kosa la anayefungisha. Lakini kama masharti ya msingi yametimia, yaani wawili wamekubali kwa hiari yao, hakuna kizuizi kati yao, mashahidi wapo, ndoa haifi kwa sababu tu mfungishaji hakuwa na mamlaka, isipokuwa kama wanandoa wote wawili walijua hilo wakanyamaza. Haifi pia kwa sababu haikusajiliwa. Na haifi kwa sababu mahari haijaisha.

Hapo kwenye mahari baba watoto akakohoa. Baba yangu anamdai ng'ombe wawili mpaka leo, na kila Krismasi anawakumbusha kwa majina.

"Ndoa yenu ipo," kijana akasema. "Kilichokosekana ni kuandikwa. Leteni mashahidi walioshuhudia, tuombe isajiliwe."

Nililia palepale kwenye benchi. Kisha nikakumbuka mashahidi ni akina nani.

Msimamizi wa mume wangu alifariki 2021. Msimamizi wangu aliolewa Maswa, huyo tulimpata kwa simu. Lakini tulihitaji wawili. Usiku tukafungua albamu ya picha, tunatafuta sura moja baada ya nyingine. Huyu amefariki. Huyu alihama. Huyu hatumjui, alikuja kula tu. Mwishowe tukamwona kijana wa kwaya amesimama nyuma yetu kabisa, mdomo wazi anaimba. Tukauliza huku na huku, tukaambiwa anaendesha bodaboda Lamadi.

Baba watoto akapanda basi kwenda Lamadi. Alimkuta kijiweni, siku hizi ana ndevu na watoto wanne. Alikumbuka kila kitu, mpaka kwamba mvua ilininyeshea shela. Akaacha kazi yake siku nzima, akaja Bariadi, akaapa na kusaini.

Mama zangu, tulikuwa tumebakiza watu wachache tu duniani wanaoweza kusema "nilikuwepo". Ingepita miaka kumi mingine, au mume wangu angefariki yeye kwanza, ningeanzia wapi?

Siku tulipochukua cheti chenye namba ndiyo siku nilipoanza kuongea naye tena vizuri. Nilimwambia, "Mume wangu, ulinitesa." Akasema, "Najua." Hatukuongeza neno.

SEHEMU YA 5

Sasa mnaelewa kwa nini wale vijana wa kwaya walikataliwa na chai yao mkononi.

Niwaeleze hii leseni inavyokwenda kwa jinsi tulivyoipitia. Kuwekewa mikono ni kazi ya kanisa. Kanisa linamjaribu mtu, linamfundisha, linamtuma. Serikali haiingii hapo. Lakini ndoa ina pande mbili. Ina baraka, na ina haki: mirathi, matunzo, mali mliyochuma pamoja. Kwa upande huo serikali inataka kumjua anayeandika. Kwanza kanisa lenyewe liwe limesajiliwa. Kisha kiongozi wa kanisa anamwombea mchungaji wake leseni kwa maandishi, na vyeti vyake vinaambatanishwa. Leseni anapewa mtu kwa jina lake. Sisi tulisubiri mpaka Februari 2024.

Na wale mnaoniuliza kama mwanamke anaweza, jibu ni kwamba kuweka wakfu ni uamuzi wa kila dhehebu. KKKT waliamua mwaka 1990 kwamba wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na wa kwanza wakabarikiwa 1991. Mchungaji mwanamke mwenye leseni anasaini cheti cha ndoa chenye nguvu ileile.

Wale vijana wetu hawakusubiri Februari, msiogope. Baba watoto aliwapeleka kwa mchungaji jirani mwenye leseni. Ila hata huko Jumamosi yao ilishindikana, kwa sababu sheria inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Ndiyo maana mnasikia ndoa ikitangazwa kanisani Jumapili baada ya Jumapili. Wengi tunadhani ni mbwembwe. Siku zile ni za mtu yeyote mwenye kizuizi kujitokeza: mke aliyeachwa Meatu na watoto, mzazi ambaye hakushirikishwa, mtu anayejua umri wa kweli wa binti. Ukumbi ulihamishwa tarehe, keki ikasubiri, wakafunga ndoa mwezi uliofuata. Mume wangu alihubiri, mwenzake akaandika.

Ndoa ya kwanza aliyoandika yeye mwenyewe ilikuwa Aprili 2024. Nilikaa benchi la mbele nikamwangalia anavyoshika kalamu. Bwana harusi akasaini, bibi harusi akasaini, mashahidi wawili wakasaini, halafu yeye. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo. Nakala ya maharusi akawakabidhi mbele ya kanisa, iliyobaki ya kwenda kwa msajili akaiweka kwenye bahasha. Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda karakana aliipeleka kwa DAS mwenyewe.

Kuna jambo moja zito nyumbani kwetu. Mimi kliniki naona kadi. Najua umri wa mtu, najua hali yake, najua nani ana mtoto na nani. Mume wangu hajui na hatajua kutoka kwangu, maana siri ya mgonjwa haifiki kwenye meza yetu ya chakula. Kwa hiyo kuna siku anaweza kuniambia, "Kuna vijana wanataka kufunga ndoa," nami nanyamaza na ulimi unaniuma. Kinachonisaidia ni kwamba yeye anauliza wote sawasawa. Kila binti, kila kijana, alete cheti cha kuzaliwa. Na kanisa letu halifungishi chini ya miaka 18, hata baba mzazi akija na ng'ombe wake wote.

Hilo la umri tulijue vizuri. Sheria ile ya 1971 iliandika msichana aweze kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Na kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, ni kifungo cha miaka 30. Mimi nakaa leba. Nyonga ya mtoto wa miaka 15 haijui kama mahari imelipwa.

SEHEMU YA MWISHO

Leo nimetoka zamu, watoto wako shule, nimalizie.

Usiku wa leo kabla hujalala, toa cheti chako cha ndoa ukiangalie. Usikisifie maua. Tafuta namba. Tafuta jina la aliyewafungisha, saini yake, na mashahidi wawili. Kama huna uhakika, nenda ofisi ya DAS ya wilaya yako ukaulize. Ukikuta kasoro usijitundike roho, na usimpigie mama mkwe kelele. Sisi tulidhani tumekwisha, kumbe ndoa ilikuwepo. Ila nenda mashahidi wako wakiwa hai.

Wadada mnaojiandaa, kabla ya kulipia ukumbi, muulizeni mchungaji kwa heshima: "Baba, leseni yako ya kufungisha ndoa unayo?" Siyo utovu wa adabu. Mchungaji mwenye nayo atafurahi kuulizwa, na asiyekuwa nayo atawaelekeza kwa mwenzake, kama mume wangu alivyofanya.

Mnaoishi pamoja bila ndoa, sitawahubiria, mwenye kazi hiyo yuko karakana anarandaranda mbao. Ila mjue: sheria inasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mahakama inaweza kuchukulia kwamba mmeoana. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na utakayekuwa mahakamani unajitetea ni wewe, na matanga hayajaisha. Nimewaona wajane wakitoka wodini na kanga moja, ndugu wa mume wameshatangulia nyumbani kubadilisha kufuli. Kwenye saa ile hakuna anayekuuliza mlipendana kiasi gani.

Na watoto wenu, jamani, msichanganye mambo. Mtoto anasajiliwa hata kama wazazi hawajaoana. Hapa kwetu Simiyu wa chini ya miaka mitano anapata cheti cha kuzaliwa bila malipo kwenye vituo vya huduma na ofisi za kata. Njoo na kadi ya kliniki. Usimnyime mtoto kwa sababu mambo yako na baba yake bado.

Mtauliza cheti chetu cha njiwa kiko wapi. Kipo palepale ukutani juu ya redio. Baba watoto alitaka kukishusha, nikakataa. Ile siku ilikuwa ya kweli, mvua ilininyeshea kweli, na yule kijana wa Lamadi aliimba kweli. Chenye namba hakina fremu. Kiko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku, pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hata nikiwa nimechanganyikiwa kwa msiba mkono wangu utakifikia.

Wiki ijayo tunarudi kwenye kuharisha na maji ya chumvi na sukari.